Debe Lako Kwenye Foleni ya Ngomano

Kumkumbuka Diwani Jonah Muthama Kilonzo wa mtaa wa Ngomano, aliyetutoka Septemba 1989

Baba,

Mwaka umezunguka tangu asubuhi ile debe lako lilipofika kwenye mfereji na wewe hukuwapo.

Ulikuwa umelipeleka mwenyewe kabla jua halijatoka, kama kawaida yako. Uliliweka nyuma ya mtungi wa njano wa jirani yetu Syombua, ukatia ndani lile jiwe lako ili upepo usilipeperushe, kisha ukarudi nyumbani kunywa chai. Foleni ikasogea. Watu wakalisogeza debe lako kwa mguu, kama walivyozoea kusogezeana.

"Leo Kaunsela amelala," Syombua akasema kwa sauti yake ile inayosikika laini zote za nyumba. "Akija nitamwambia foleni imemruka, nione vile atafanya."

Wakacheka. Syombua alipojaza mtungi wake alijaza na debe lako. Akauacha mtungi pale kwenye kioski cha maji, akajitwika debe, aje kukutania mlangoni. Alipoingia uani alimsikia mwaitu, mama yetu, akiita: "Muthama! Muthama!" Siku zote mbele ya watu mama alikuita Baba Mutunga. Syombua alilitua debe chini polepole, akavua kitambaa chake cha kichwa, akaingia.

Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Chai ilikuwa bado inafuka moshi mezani.

Tunakuandikia haya ukijua yote, Baba, na wengi wa majirani wanajua. Lakini kuna watu wamehamia Ngomano mwaka huu ambao hawakukuona. Wanawasikia wenzao wakisema, "Hiyo kesho tupeleke ofisini," halafu wanawaona wanachukua mitungi na kwenda kwenye foleni ya maji. Wanauliza, ofisi gani hiyo? Nao wana haki ya kujua.

Ulikuwa umetunza josho la ng'ombe huko Mbumbuni miaka mingi kabla ya watu kukuchagua diwani. Baraza lilipoamua kujenga nyumba mpya hapa kilimani, wewe ulikuwa diwani wa kata hii, na wewe pia ulikuwa mpangaji kama wengine, ukingoja nyumba. Mwaka wa 1983 zikakamilika. Tulikusanyika wote uwanjani siku ya kugawana. Karatasi zikatiwa kofiani, na kila mtu akamwomba Mungu ampe nyumba ya juu. Ndivyo tulivyo. Tangu babu zetu tunajenga mteremkoni, mahali pa hewa, bondeni tunawaachia mbu na ng'ombe.

Wewe ulitia mkono ukatoa nyumba ya laini ya chini kabisa. Watu walikuonea huruma. Kisilu muuza mbao, ambaye alikuwa ametoa laini ya juu, aliruka na kucheza mbele ya watu wote.

"Mheshimiwa!" akakwambia. "Utakuwa unatuangalia kutoka huko chini, wewe na vyura wako!"

"Vyura nao ni wapiga kura," ulimjibu, ukampa mkono.

Ndipo maji yakafunguliwa. Kwetu chini yalikuja kwa nguvu, yanaruka kutoka kwenye bomba lililopita mbele ya lango letu. Laini za katikati yalitoka kidogo, ukipenda kungoja. Juu, Kisilu alifungua mfereji wake ukakohoa. Akaufunga, akaufungua tena, ukakohoa. Mwanakandarasi alikuwa amejenga tangi sawasawa na laini ya katikati, na maji hayajui kupanda. Mwanakandarasi mwenyewe alikuwa ameshalipwa na kwenda. Waliopata walichoomba ndio waliokosa maji, na mwaka uliofuata ulikuwa ule wa ukame, ambao hakuna mtu wa Ukambani anayehitaji kuelezwa.

Pale chini baraza lilijenga kioski chenye mfereji mmoja kwa ajili ya wale ambao nyumba zao hazina maji. Akina mama wa laini ya juu wakawa wanashuka na kupanda mteremko ule kutwa, mitungi mgongoni, ukanda kichwani. Bi Halima wa nyumba ya mwisho kabisa, ile iliyopakana na mwamba, alikuwa mjamzito mwaka ule. Alikuwa akipumzika kila penye kivuli, na vivuli vyenyewe vilikuwa vichache kwa sababu miti ilikuwa haijaota.

Halafu ukaja ule mkutano. Tulikuwapo. Kisilu alisimama, akavua kofia kwa heshima, na hiyo heshima yenyewe ilitutia wasiwasi.

"Mimi nina swali moja tu," akasema. "Nani alijua tangi itajengwa wapi? Si ni diwani? Na nani alipata nyumba ya chini? Si ni diwani huyo huyo? Ama nimesema uongo?"

"Kisilu, nilitia mkono kofiani kama wewe ulivyotia."

"Mkono wako una macho!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

Hatukuwahi kukuona umekasirika mbele ya watu. Siku hiyo sauti yako ilishuka. Tulilazimika kunyamaza wote ili tusikie.

"Basi nisikilizeni," ulisema. "Bomba linapita mbele ya lango langu. Mfereji hautaingia kwangu mpaka maji yafike nyumba ya mwisho ya laini ya juu. Nyumba ya Bi Halima. Akifungua wake maji yakatoka, ndiyo siku nitakayoweka wangu. Kabla ya hapo, mkiuona kwangu, ung'oeni."

Watu walipiga makofi. Hata Kisilu alipiga, mara moja, mbili. Wewe ulirudi nyumbani umenyoosha mabega. Mwaitu alikuwa jikoni anakoroga muthokoi, na habari zilikuwa zimekutangulia.

"Uliapa?"

"Niliapa."

"Ulisimama mbele ya watu ukaapa kwa mgongo wangu?"

Ulivua kofia ukaketi.

"Maji ya nyumba hii anabeba nani, Baba Mutunga? Wewe? Umechukua mgongo wa mtu mwingine ukawapa watu ahadi nao. Haya. Kula."

Ulikula. Tulikula wote bila kuinua macho. Na asubuhi mwaitu alipoamka kwenda kuteka, alikuta debe halipo. Ulikuwa umeondoka nalo.

Syombua husimulia mpaka leo vile foleni ilivyonyamaza ulipotokea. Mwanamume wa makamo, diwani, koti na kofia, ameshika debe. Wanaume wetu hawatekei nyumba maji. Mwenye mkokoteni anayeuza maji, sawa, hiyo ni kazi yake. Lakini kusimama kati ya wanawake na chombo mkononi!

"Mheshimiwa, umepotea?" Syombua akakuuliza. "Mkutano ni wiki ijayo."

"Nimekuja kuteka maji."

"Ati nini? Kwani Mama Mutunga amekufukuza?"

"Hajanifukuza. Amenikumbusha tu."

Walicheka mpaka mwenye kioski akafunga maji aje aone kuna nini. Walipochoka kucheka wakakuambia upite mbele, mheshimiwa hawezi kungoja. Ulikataa. Ulisema mheshimiwa ni yule aliyefika mapema. Ukasimama mwisho. Ulipofika nyumbani bega la kushoto lilikuwa limelowa chapa, maji nusu yamemwagika njiani, na ukachota kikombe cha kwanza ukampa mwaitu. Alikipokea bila kusema neno.

Kanisani wazee wa rika lako walikuambia unawaaibisha. Uliwajibu kwamba ulipanga ng'ombe kwenye josho miaka mingi, na ng'ombe wana pembe, kwa hiyo foleni ya wanawake isingekushinda. Hawakucheka, lakini waliacha kukusema.

Tulidhani utachoka baada ya wiki. Hukuchoka. Uliokota jiwe moja la mviringo, ukalifanya lako, na kila mtu Ngomano akalijua. Debe lenye jiwe lile lilikuwa kama wewe mwenyewe umesimama. Makoti yako yote yalipauka bega la kushoto. Mwaitu alitia kiraka kwenye la kijivu, halafu kiraka nacho kikapauka. Ulikuwa ukipiga mluzi ule wimbo wa kanisani, ubeti mmoja tu, tena ukiukosea mahali palepale kila siku, na watoto wa laini ya chini wakajifunza kuukosea vilevile.

Mwaitu alikipokea kikombe chake kila asubuhi, hasemi kitu. Miezi ikapita hivyo. Kisha siku moja wakati wa baridi alikunywa, akakurudishia kikombe, akasema, "Leo maji ni baridi." Tulitazamana. Tulijua umesamehewa.

Na foleni ikawa ofisi. Hukuipanga iwe hivyo. Watu walikuta diwani wao amesimama mahali pamoja kila asubuhi, hana pa kwenda mpaka zamu yake ifike, wakaanza kuja na shida zao. Taka zimejaa nyuma ya laini ya tatu. Taa ya njiani imekufa. Mlevi fulani anaimba mpaka watoto hawalali. Na mwenye baa mwenyewe naye hakuwa na maji, kwa hiyo alikuja foleni kama wengine, mkaongea mkiwa mmesimama pamoja, na baa ikaanza kufungwa mapema bila askari kuitwa.

Wengine wanakumbuka siku Nthenya wa laini ya pili alipokuja analia kwamba mbuzi wa jirani amemaliza sukuma wiki yake. Jirani alikuwa palepale, nyuma kidogo, anajifanya haoni.

"Mama, sogea mbele usimame na mwenzako," ulimwambia jirani.

"Zamu yangu iko huku, Kaunsela."

"Utairudia. Kwanza mwambie Nthenya mbuzi wako anaitwa nani."

"Mbuzi hana jina!"

"Basi ndiyo maana haitiki akiitwa kutoka kwenye sukuma."

Nthenya alicheka akiwa bado na machozi. Kabla ya kufika kwenye mfereji walikuwa wameshapatana juu ya kamba ya kumfungia mbuzi, na urefu wake. Wewe hukuwa umesema kitu kingine. Ulikuwa unapiga mluzi.

Hatusemi ulifaulu kila mahali. Ile barabara ya lami uliyoisema wakati wa kuomba kura, tunaingoja bado. Ulikuwa mkaidi, na ulipenda kusikiliza redio kwa sauti kubwa hadi mwaitu akajifunza kulala habari zikisomwa. Ulikuwa ukisahau siku zetu za kufunga shule lakini hukusahau jina la mtoto yeyote wa laini ya juu, hata wachanga. Tulilalamika wakati ule. Sasa watoto hao wanatusalimia njiani kwa majina, na tunajua walikotoa mazoea hayo.

Uchaguzi wa mwaka wa 1988 ulipofika, ule wa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea, mwaitu aliogopa. Alisema kura ya siri mtu anaweza kukupa kimya, lakini mlolongo kila mtu anaonekana. Ulisimama uwanjani na koti lako lenye kiraka. Watu wakaanza kujipanga nyuma yako, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu si tumezoea kusimama nyuma yake kila siku? Tofauti ni kwamba leo hatuna mitungi!" Mlolongo wako ulizunguka kona ya kioski ukapotea machoni. Kisilu naye alikuwamo, karibu na mwisho, anaangalia upande mwingine.

Baada ya hapo baraza likakubali tangi jipya lijengwe juu ya mwamba, mahali palipo juu kuliko nyumba zote, na bomba kubwa lishushwe kutoka huko hadi laini ya chini, penye pampu ya kupandishia maji. Tangi walitoa, mabomba walitoa. Mtaro wa kulazia bomba hawakuutoa. Walisema wananchi wachimbe wenyewe. Ukaita mwethya, kama vile watu wa kijijini wanavyoitana kuchimba mabenchi ya kuzuia mmomonyoko shambani: kila Jumamosi, kila nyumba itoe mtu na jembe.

Laini ya juu walitoka wote. Laini ya chini hakutoka mtu. Walikuwa na maji yao ndani, na Jumamosi ni siku ya soko. Ulienda kwa Abdulkadir mwenye duka, ambaye alikuwa rafiki yako na ambaye laini yote ya chini humtazama yeye anafanya nini.

"Diwani, mimi maji ninayo," alikuambia. "Nichimbe ili iweje?"

"Kweli, Bwana Abdulkadir. Basi nishikie koti."

Ulivua koti ukampa. Ukaenda kwenye ule mtaro uliopita mbele ya duka lake, ukaanza kuchimba peke yako. Yeye akabaki kibarazani ameshika koti lako lenye kiraka. Wateja wakija wanamkuta hivyo. "Unauza na makoti siku hizi?" mmoja alimwuliza. "Na hilo nani atanunua, limechakaa bega?" Hakuweza kulitundika, hakuweza kuliweka chini. Jua lilipokuwa kali alitoka, akalivaa koti lako juu ya kanzu yake ili apate mikono, akachukua jembe.

"Wewe ni mtu mbaya sana, Muthama," akasema.

"Chimba," ukamwambia.

Jumamosi iliyofuata laini ya chini walitoka.

Mtaro ulipanda vizuri hadi karibu na kwa Bi Halima. Pale ukakutana na mwamba. Nyundo zilivunjika mipini. Wewe ukawaambia tutaupasua kama zamani, kwa moto na maji: unawasha kuni juu yake mpaka uwe mwekundu, kisha unaumwagia maji ya baridi, unapasuka. Watu wakakasirika. Maji? Kuyamwagia mawe maji, na watoto wana kiu?

Ndipo ukaomba maji machafu. Maji ya kufulia, maji ya kuoshea vyombo, maji yaliyoogewa. Kila nyumba ikaweka ndoo ya maji machafu, na Jumamosi watu wakapanda kilima wamebeba povu. Mwamba ukaanza kulia kama bunduki. Vipande vikatoka. Kila wiki kidogo, kila wiki kidogo. Ulikuwa ukirudi jioni unanuka moshi na sabuni.

Ulituacha siku ya Alhamisi, na mwamba ulikuwa bado umebaki.

Watu walianza kuja asubuhi hiyo hiyo. Kwetu, mtu akienda kwenye matanga haendi mikono mitupu. Akina mama huja na maji na kuni, kwa sababu nyumba yenye msiba haina nafasi ya kuteka. Tulijua watakuja. Hatukujua ni nani watakaotangulia. Waliotangulia ni laini ya juu. Walishuka mmoja nyuma ya mwingine, mitungi mgongoni, maji waliyokuwa wameyapandisha jana yake kutoka hapa chini kwetu kwa miguu yao wenyewe. Bi Halima alikuja na galoni mbili, na yule mtoto wa mwaka wa ukame, ambaye sasa ni msichana wa kama miaka mitano, amebeba birika. Bi Halima akaketi karibu na mwaitu, akamchotea kikombe. Mwaitu alikunywa. Pipa letu lilijaa mpaka tukaazima la kwa Abdulkadir.

Tulikupeleka Mbumbuni Jumanne, tukakulaza karibu na wazazi wako. Mabasi mawili ya watu wa Ngomano yalikusindikiza. Mchungaji alisoma, na watoto wa laini ya chini wakauimba wimbo wako, wakaukosea palepale. Hakuna aliyewasahihisha.

Tuliporudi, watu wa baraza walikuja kutupa pole. Walisema kwa heshima yako watatuwekea mfereji ndani ya nyumba, bure, wiki hiyo hiyo, mama asiteseke. Fundi alikuwa nao tayari.

Mwaitu aliwaandalia chai kwanza. Kisha akasema hapana.

"Mwaitu," kaka yetu Mutunga akamwambia, "aliyeapa ameenda. Hakuna mtu atakusema."

"Aliyeapa ameenda," mwaitu akajibu, "lakini Halima hajaenda. Yuko pale juu."

"Na mgongo wako?"

"Siku ile mgongo wangu ulitolewa bila kuulizwa. Leo nimeulizwa, na mimi nimekubali. Kunyweni chai, wageni."

Kesho yake alfajiri alichukua debe lako, akaweka jiwe lako ndani, akaenda foleni. Alitueleza baadaye kwamba walinyamaza kama walivyonyamaza siku yako ya kwanza. Kisha Syombua akasema, "Karibu ofisini, mama," na foleni ikasogea.

Sisi watoto tuliogopa, Baba. Mwaitu si kijana. Diwani hakuwapo, aliyekuwa akiwaita watu Jumamosi hakuwapo, na mwamba ulikuwa palepale. Tuliona atabeba debe hilo mpaka naye limshinde njiani.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga tuliona moshi juu kilimani. Mutunga alipanda kuangalia. Alimkuta Kisilu peke yake, amewasha moto juu ya mwamba kwa mabaki ya mbao za dukani kwake, mbao nzuri ambazo angeziuza. Hakusema kitu kuhusu siku ya mkutano, wala kofia, wala mkono wenye macho. Alimwuliza Mutunga tu, "Mmeweka maji ya kufulia?" Tulikuwa tumeweka. Tukayapandisha. Jumamosi iliyofuata Abdulkadir alipanda na ndoo yake, na nyuma yake laini ya chini yote.

Mwamba uliisha kabla ya mvua za Aprili. Bomba likalazwa, mtaro ukafukiwa. Tangi la juu likajazwa mwezi wa Agosti. Siku ya kufungua hakukuwa na hotuba ndefu. Diwani mpya alisema machache, akasema kazi aliikuta. Mwaitu alipanda kilima chote na debe lako, akapumzika penye vivuli, maana sasa vivuli vipo. Bi Halima akafungua mfereji wake. Ukakohoa. Watu wote wakasogea karibu. Ukakohoa tena, ukatema kutu, kisha maji mekundu, kisha maji.

"Wacha yaende kwanza, wacha yasafike!" Syombua alikuwa akipiga kelele, na huku ameweka mikono chini yake tayari.

Bi Halima alilijaza debe lako. Akachota kikombe, akampa mwaitu kwa mikono miwili. Mwaitu akanywa, akasimama kidogo, akiangalia chini upande wa nyumba yetu.

"Ni baridi," akasema.

Kisilu alilibeba debe kushuka nalo. Alilibeba begani, bega la kushoto, na hakukubali kupokewa.

Tunakukumbuka sisi: mkeo Syokau, watoto wako Mutunga, Kalunde na Kalondu, mkweo Ruth, wajukuu wako, pamoja na Muthama mdogo uliyemwacha tumboni, ambaye ameanza kusimama akishika ukuta, dada yako Kalekye wa Kibwezi na jamaa yake yote, ndugu na jamaa wa Mbumbuni, na majirani wa Ngomano, laini ya juu na laini ya chini. Muda wote tutakaokuwa hapa, Baba, utakuwa ukitajwa.

Wiki iliyopita fundi alikuja akaweka mfereji uani kwetu, karibu na lango. Debe lako liko chini yake.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa hapa nyumbani Jumapili baada ya kanisa. Wote mnakaribishwa. Tunawaomba akina mama wasibebe maji. Yapo.